Domitille Aliyejifunza Kupumua, Kisha Akalikataa Gunia

Mwanga wa kwanza unachungulia juu ya milima ya Burundi, ng'ambo ya ziwa, na Domitille tayari amesimama ufukoni, miguu mitupu kwenye mchanga wenye baridi. Ameweka kiganja kimoja kifuani na kingine chini ya kitovu. Macho ameyafumba nusu. Tumbo linajaa polepole chini ya kitenge, linashuka. Linajaa tena.

Nyuma yake wanawake wenzake wamesimama vivyo hivyo, kila mmoja na mugozi wake shingoni, ile kamba pana ya kubebea mzigo ambayo hupita kwenye paji la uso. Hakuna anayehesabu. Hakuna anayeimba. Wapita njia waliozoea hawageuzi tena shingo. Wasiozoea huuliza kama hili nalo ni dhehebu jipya.

Kisha boti la kwanza linatokea upande wa kusini, limesheheni unga wa muhogo hadi maji yanalamba ukingo wake. Mota inazimwa. Wanaume wawili wanaruka majini, wanashika gunia moja huku na huku, wanalinyanyua kwa kuhema na kutafuta mgongo wa kulitua.

"Muache," Domitille anasema. Hajapandisha sauti. "Ile gunia muigawanye kwanza."

"Mama Divine, umeanza tena?"

"Sijaanza. Niko naendelea."

Wanaume wanatazamana, wanaguna, wanalirudisha gunia ndani ya boti.

Mtu asiyeujua ufuko huu wa Uvira anaweza kudhani ni ubishi mdogo wa asubuhi. Sivyo. Kwa miaka mingi hapa, gunia limekuwa likinyanyuliwa na wanaume wawili na kubebwa na mwanamke mmoja. Wala si gunia la kawaida. Hujazwa hadi mdomoni, kisha hushonewa juu kipande cha gunia jingine ili lipate kichwa cha nyongeza. Mwenye mali hulipa kama gunia moja. Mbebaji hulipwa kama gunia moja. Kile kichwa hakihesabiwi na mtu yeyote, lakini kinapanda mteremko kikiwa juu ya uti wa mgongo wa mama mmoja, bure.

Na malipo yenyewe hayafikii bei ya kilo moja ya unga uliomo ndani.

Domitille ana miaka thelathini na minane. Anaishi mtaa wa Kasenga, katika chumba cha kupanga nyuma ya fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na binti yake Divine anayesoma shule ya msingi. Kabla ya kuwa mwanamke anayerudisha magunia, alikuwa kipenzi cha kapita, msimamizi wa wabebaji. Walimwita Mashini.

"Nilifurahia ile jina," anasema. "Nilikuwa nazani ni heshima. Sikuelewa kama banaita muntu mashini sababu mashini haisikiake maumivu."

Ni kweli kwamba hakuwa akisikia maumivu. Hilo ndilo lililonileta kumtafuta.

Alizaliwa na kuolewa huko juu milimani, Bijombo, ambako yeye na mumewe Déogratias walilima viazi na maharagwe na kufuga ng'ombe wachache. Alasiri moja watu wenye silaha waliingia kijijini. Déogratias alikimbilia zizini kuwafungua ng'ombe. Domitille alimkumbatia Divine, wakati huo bado ananyonya, akateremka korongoni na kujilaza chini ya magugu, karibu na kijito.

Watu wale walikuja kusimama juu ya korongo. Aliwasikia wakizungumza. Mmoja alikuwa akicheka.

"Nilifunga kinywa ya mutoto na titi. Ya kwangu nikaifunga na mukono. Sikuvuta pumzi. Nilikuwa naona kama nikivuta tu, banasikia, banashuka. Bakaondoka. Lakini minye sikuachilia ile pumzi. Niliteremuka nayo mupaka huku Uvira."

Déogratias hakuteremka. Majirani walimzika karibu na zizi.

Uvira ilimpokea kama inavyowapokea wengi: ikampa mahali pa kulala kwa ndugu wa mbali na kumwambia atafute la kufanya. Alikwenda ufukoni. Hakuwa na mtaji wala elimu, alikuwa na mgongo. Kapita, mtu anayeitwa Jean-Berchmans, alimtazama juu hadi chini na kumkabidhi mugozi.

Kuanzia hapo, Domitille anasimulia, mwili wake ulikuwa kama nguo aliyoazima kwa mtu. Alijimwagia maji ya moto mkononi akagundua tu alipoona ngozi imevimba. Kamba ilimchuna paji la uso likatoa usaha, na ni Divine aliyemwambia. Alikula bila kujua ameshiba au la. Alipumua kwa juu juu, pumzi fupi isiyovuka mfupa wa shingo, na kila aliponyanyua mzigo aliibana kabisa, kama kule korongoni.

Kwa ufuko ule, mwanamke wa namna hiyo alikuwa zawadi. Wengine walipolalamika, walionyeshwa yeye. "Mutazame Mashini! Ameshasema ameumwa?" Mhubiri alimtaja kanisani kama mfano wa uvumilivu. Sisi wa magazeti na redio nasi hupenda mno wanawake wa aina hii; tunawaita wa chuma, tunawapiga picha wakiwa wameinama, tunasifu. Hatuulizi ni nani aliyelishona lile gunia.

Siku mwili uliposhindwa, ulishindwa hadharani. Ilikuwa msimu wa mvua. Tangu maji ya ziwa yapande na kumeza sehemu ya ufuko, boti hutia nanga chini ya mteremko wa udongo, na udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni. Domitille alikuwa katikati ya mteremko na unga mgongoni aliposikia kitu kinashuka tumboni mwake. Hakikuuma, anasema. Kilishuka tu. Magoti yakakunjika.

Agathe, mbebaji mwenzake aliyekuwa nyuma yake, ndiye anayesimulia kilichofuata, na mpaka leo kwa hasira.

"Kapita alikuja mbio. Nilizani anamukimbilia Mama Divine. Hapana! Aliita banaume batatu, bakatoa gunia kwanza. Akaipapasa pande zote. Akauliza, 'Unga imelowa?' Muntu iko chini, damu iko natoka kwa kitenge, na yeye anauliza unga!"

Ni Agathe aliyemfunika mwenzake kwa kitenge chake mwenyewe, akasimamisha pikipiki na kumpakata hadi kituo cha afya.

Huko walimwambia kizazi kimeshuka, na kwamba haikuwa habari ya siku ile. Kilikuwa kimeanza kushuka zamani. Alihitaji kufanyiwa operesheni. Kabla ya hapo alitakiwa apumzike na asinyanyue kitu kizito.

Apumzike. Neno hilo huandikiwa maskini kama vile dawa inayouzwa kila duka. Domitille alipumzika hadi unga ulipoisha nyumbani, yaani hakupumzika sana.

Nilimwuliza Jean-Berchmans kuhusu siku ile. Alikuwa ameketi kwenye kibanda chake, karibu na boti, na hakuonekana kuona aibu. "Hakuna muntu alimukamata kwa nguvu," alisema. "Kazi ni ya mwenye kuiweza. Kama haiwezi, abakie nyumbani kwake."

Nyumbani kwake ni Bijombo. Hilo Jean-Berchmans analijua.

Katika kituo kile hufanya kazi Claire, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye watu wa hapa humwita kwa kifupi kine. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache na mikono yenye nguvu. Alipomwona Domitille kwa mara ya kwanza hakumwuliza habari za Bijombo. Alimlaza kwenye mkeka, akaweka mto mdogo chini ya magoti yake na kumwomba apumue tu kama kawaida.

"Hakuna kilichotikisika chini ya shingo," Claire ananieleza. "Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Wengi wanaobeba hufanya hivyo. Akinyanyua anabana pumzi, na ule msukumo wote unakwenda chini, kwenye kizazi. Mwanamke huyu alikuwa anabana pumzi mchana kutwa."

Akamwambia aweke mkono wake mwenyewe tumboni na aipeleke pumzi ikausukume ule mkono.

Domitille alijaribu. Pumzi ilikwama. Alijaribu tena, na safari hii ikapita, ikashuka hadi chini, na papo hapo akasikia harufu ya magugu mabichi na maji ya kijito. Akaruka akasimama. Akakimbilia mlangoni.

"Nilimwambia Claire, 'Weye unataka baniue!' Sikuwa tena pale. Nilikuwa chini ya bale bantu."

Claire hakumzuia. Alifungua mlango wazi, akakaa sakafuni, akamwomba amtajie anachokiona barabarani. Mama anauza ndizi. Mbuzi. Pikipiki imebeba kitanda. Kisha amwambie miguu yake inagusa nini. Saruji. Ni ya baridi au ya moto? Domitille alitazama miguu yake kwa muda mrefu.

"Ya baridi," alijibu, na akaanza kulia, maana kwa miaka mingi miguu hiyo haikuwa imesikia baridi wala joto.

Alirudi. Mara nyingine pumzi ilifika tumboni, mara nyingine ilikataa, naye Claire hakuisukuma. Walifanya wakiwa wamelala, kisha wamekaa, kisha wamesimama. Alijifunza kutoa pumzi wakati wa kunyanyua badala ya kuibana. Kidogo kidogo mwili ulianza kurudi kwake, kiungo baada ya kiungo. Alisikia njaa. Alisikia uzito wa Divine alipomlalia pajani. Na alisikia maumivu.

Yalikuja yote kwa pamoja: mgongo, shingo, nyonga, paji la uso, na uzito ule kati ya miguu ambao alikuwa ameubeba bila kuujua. Siku hiyo alikwenda kwa Claire akiwa amefura.

"Umenirudishia nini?" alimfokea. "Zamani sikuwa naumwa! Ungeniacha vile!"

"Ulikuwa unaumwa," Claire alimjibu. "Ulikuwa tu hauko nyumbani kupokea habari."

Domitille alitaka kutukana. Badala yake alikaa kwenye mkeka, akaweka mkono tumboni na kuvuta pumzi hadi chini. Anasema aliikuta hasira imekaa pale, ya moto, imemngojea tangu Bijombo. Haikuwa hasira kwa Claire.

"Niliwaza: kumbe siko dhaifu. Kumbe ni gunia njo mubaya."

Alianza na Agathe, kisha wengine. Jumapili baada ya ibada walikuja uani kwake Kasenga, wakatandika mikeka na vitenge, fundi wa kuchomelea akakubali kunyamazisha mashine zake. Mara ya kwanza walicheka. Kuvuta pumzi, tangu lini mtu akafundishwa? Mmoja alisinzia akakoroma. Mwingine alisema mumewe amemwonya kwamba mambo haya ni ya kishetani.

Lakini wakiwa wamelala vile, mikono tumboni, bila mtoto wa kunyonyesha wala chungu cha kuangalia, kimya kilitanda uani. Na katika kimya hicho Agathe akasema, akiwa bado amefumba macho, "Minye pia kizazi imeshuka."

Kisha mwanamke wa pembeni akasema, "Na minye." Kisha mwingine. Kila mmoja alikuwa ameificha hali hiyo kwa vitambaa na kwa aibu, akidhani ni laana yake peke yake. Mmoja mumewe alikuwa amemfukuza kwa sababu hiyo. Walikuwa wamebeba pamoja kwa miaka, wakisalimiana kila asubuhi, na hakuna aliyejua.

Waliporudi ufukoni walikuwa na sharti moja tu, jepesi kiasi kwamba mtoto angelielewa: gunia ambalo mwanamke hawezi kulinyanyua mwenyewe kutoka chini, hatalibeba.

Siku ya kwanza Jean-Berchmans alicheka hadi akakohoa. Wanawake waliketi mchangani, migongo wima, wakipumua. Boti tatu zilikuwa zinangoja.

"Munakaa munapumua?" alipaza sauti ili wenye boti wasikie. "Nani analipa pumzi?"

"Hakuna," Domitille alimjibu. "Njo maana hii ni yetu."

Hadithi ya namna hii ingependeza kama ingeishia hapo. Haikuishia. Kapita aliwafukuza wote. Siku zilipita bila kazi na masufuria yakawa mepesi. Wawili waliona watoto wao wanalala njaa, wakarudi kubeba magunia yenye vichwa, na Domitille hakuwalaumu; aliwapelekea mihogo kutoka shamba la jirani. Mwenye nyumba alimgongea Domitille mlango. Agathe aliuza redio.

Aliyewafungulia njia hakuwa mtu mwema hasa. Patient, mfanyabiashara wa unga, alifika na boti lililojaa huku mawingu meusi yakishuka kutoka milimani. Wanaume wa kupakua walikuwa wachache, na hakuna aliyekubali kupanda mteremko na magunia yale. Alitazama mawingu, akatazama unga wake, akatazama wanawake waliofukuzwa, ambao bado walikuja kuketi mchangani. Kisha akatoa kisu mfukoni, akakata uzi wa gunia la kwanza mwenyewe.

"Mugawanye," alisema. "Lakini haraka, mama zangu, haraka!"

Waligawanya, na mvua ilipoanza unga wote ulikuwa juu. Patient hakuwahi tena kushona vichwa. Wengine wachache walimfuata, si kwa huruma, ila kwa sababu gunia dogo halidondoki wala halipasuki. Leo karibu nusu ya boti za ufuko huu huleta magunia ambayo mama mmoja anaweza kuyanyanyua.

Nusu nyingine ndiyo inayomnyima Domitille usingizi. Wenye boti hizo wamegundua dawa yao: wanachukua wanawake walioteremka kutoka milimani juzi, wale ambao bado hawana anwani wala jamaa, ambao wakiambiwa inama, wanainama. Juzi alimwona mmoja akipanda mteremko, uso mkavu, macho hayatazami kitu.

"Nilimuuliza, 'Mama, unaumwa?' Akasema, 'Hapana, sisikii kitu.'" Domitille anapiga paja lake kwa kiganja. "Sisikii kitu! Na kapita iko namusifu! Hiyo njo inanikasirisha. Bantu bamekuvunja kule juu, halafu bengine huku chini banatumikisha ile kuvunjika."

Kuna jambo jingine alilonieleza, na alitaka liandikwe. Sifa za mazoezi yake zilipoenea, alialikwa kwenye semina katika hoteli moja mjini. Mwandaaji, mwanamke kijana mwenye adabu aitwaye Nicole, alimwomba awaeleze wageni jinsi pumzi ilivyomletea amani moyoni. Walimfanyisha mazoezi ya kusema kabla wageni hawajaingia. Alipofika kwenye habari za ufukoni, Nicole alimkatiza kwa upole.

"Mama, sehemu ya magunia tuiache. Wageni wanapenda tubaki kwenye pumzi."

Domitille alivaa viatu vyake. "Basi na pumzi yangu muiache," alisema, akatoka, akarudi Kasenga kwa mguu.

Anaporudia kisa hicho hacheki. Anasema anamshukuru Mungu kwa Claire, na kwamba asingekuwa hai bila lile zoezi la mkeka. Lakini amechoka kusikia mwanamke akiambiwa avute pumzi ndefu ili aweze kuendelea kuvumilia. Claire mwenyewe anakubaliana naye.

"Pumzi hairudishi kizazi kilichoshuka namna hiyo, operesheni ndiyo inayorudisha," anasema kine huyo. "Na hata operesheni itaharibika akirudishwa chini ya gunia lile lile. Mimi nafundisha watu kuusikiliza mwili. Mwili ukisema hapana, mtu apewe nafasi ya kutii."

Operesheni ya Domitille imepangwa. Madaktari wanaokuja kwa msimu wamekubali kumpokea pamoja na Agathe, na Claire amewaombea wengine wawili. Wenzake wameshaamua nani atampikia Divine.

Kabla ya hapo kuna mkutano. Wenye boti, baada ya kuona ubishi wa magunia unawachelewesha, wamewaita wabebaji wauzungumzie, na wamewataka wanawake wamtume mjumbe mmoja.

"Tutaenda siye bote," Domitille anasema. "Na bale bapya bateremukaji tutaenda nabo. Muntu moja unaweza kumununulia soda akanyamaza."

Akishapona hatarudi kwenye mteremko. Anataka kufungua meza ya unga hapo Kasenga, kando ya barabara, akae kwenye kiti chake, apime kwa kopo, amwone Divine akitoka shule. Ameshachagua mahali, na fundi jirani amemwahidi meza ya chuma.

Ninamwuliza unga wake utapanda vipi kutoka ziwani, ikiwa yeye atakuwa amekaa.

Ananitazama kana kwamba swali limechelewa.

"Utapanda kwa mugongo ya mama mwingine," anasema. "Njo maana nataka nimalize hii maneno ya magunia kabla ya kukaa kwa kiti."